Tranka, chumba cha shule, jengo la kijiji, ngamia au vishikwambi: nafasi ipi ya kusomea inafaa kijiji cha mbali?

Kabla ya kuuliza vitabu vitatoka wapi, ulizeni ufunguo utakaa kwa nani na atafungua siku gani. Si ajabu kukuta kijiji kisicho na barabara ya lami wala umeme wa gridi, lakini vitabu kinavyo: kabatini kwa mwalimu mkuu, kwenye stoo ya ofisi ya kijiji, au ndani ya maboksi ya msaada ambayo hayajafunguliwa tangu yashushwe kwenye gari. Vinakosa mtu wa kuvitoa, saa inayojulikana na kila mama, na mtoto wa darasa la pili aliyepata kitabu anachoweza kukimaliza mwenyewe. Njia tano tunazozilinganisha hapa tumezipima kwanza kwa kigezo hicho, kisha kwa uzito, umeme, mchwa na mengine yanayosumbua.

Tanzania ilishajifunza hili kwa gharama kubwa. Kwa takwimu za serikali, kampeni ya elimu ya watu wazima ilishusha idadi ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Maktaba za vijiji zilianzishwa ili waliohitimu wasisahau, na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho la Kanda ya Ziwa yaliandikwa kwa Kiswahili chepesi kwa ajili yao. Kisha uchumi ukabana, vitabu vipya vikaacha kuja, vya zamani vikachakaa mikononi, na maktaba nyingi zikafungwa. Mtu aliyejua kusoma akakaa miaka kumi bila karatasi ya kusoma hurudi alikotoka. Ndiyo maana tunatilia mkazo vitabu kubadilika kuliko vitabu kuwa vingi.

Kwa mwenye haraka, picha ya jumla ni hii:

| Njia | Inamfaa nani hasa | Kinachoiua mapema |
|---|---|---|
| Tranka linalozunguka | Watoto wa darasa la 1 hadi 4, vitongoji vilivyotawanyika | Mzunguko kusimama |
| Chumba cha shule | Wanafunzi waliopo shuleni | Ufunguo mmoja, likizo |
| Jengo la kijiji | Watu wazima, wanafunzi wa sekondari jioni | Posho ya msimamizi |
| Ngamia au pikipiki | Wafugaji wanaohama | Kukosa safari |
| Vishikwambi na seva | Wanaojua kusoma tayari, walimu | Betri, chaja, vumbi |

Tranka linalozunguka vitongoji

Hili ni lile tranka la bati la wanafunzi wa bweni, lenye kitasa cha kufuli. Chagueni la takriban sentimita 60 kwa 40 kwa 30. Ndani yake wekeni vitabu 130 hivi: 80 vyembamba vya watoto, 30 vinene kidogo kwa vijana na watu wazima, na 20 vya mchanganyiko, yaani vijitabu vya kilimo na afya, majarida, kamusi moja na ramani. Kitabu chembamba cha kurasa 24 cha nusu ya karatasi ya A4 kina uzito wa gramu 40 hadi 50. Riwaya ya kurasa 200 hufika gramu 250. Pamoja na bati lenyewe mzigo wote ni kama kilo 20. Bodaboda anaubeba kwa mpira wa kufungia bila shida, na watu wawili wanaweza kuushika vipini wakavuka nao korongo.

Vile 80 vya watoto vigawanyeni katika ngazi tatu kwa utepe wa rangi kwenye mgongo wa kitabu. Kijani ni sentensi moja au mbili kwa ukurasa, njano ni aya fupi, nyekundu ni hadithi ndefu kidogo. Kila ngazi inapata kama vitabu 27. Tranka likifunguliwa siku tatu kwa wiki na mtoto akamaliza kimoja kila siku, kwa miezi miwili atakuwa amesoma 26. Kwa maneno mengine, mwezi wa pili ukiisha, msomaji mzuri amemaliza kila kitu cha ngazi yake. Siku ile ile tranka linapaswa kuondoka na jingine kuingia. Matranka manne katika vitongoji vinne, yakihamishwa kila baada ya miezi miwili, huchukua miezi minane kumaliza duara, na kila mtoto hupitia zaidi ya vitabu 500 vya kila aina bila kijiji kununua kimoja cha ziada. Hakikisheni tu kwamba matranka hayafanani. Anayewanunulia akileta nakala nne za kila kitabu na kuzigawa sawasawa, mzunguko umekufa kabla haujaanza.

Gundisheni orodha ya vitabu ndani ya mfuniko, kwa namba, si kwa herufi. Siku ya kuhama msimamizi anayetoa na anayepokea wanakaa chini, mmoja anasoma namba, mwenzake anainua kitabu. Kazi ya dakika 40. Ikirukwa mara moja tu, hakuna atakayejua vitabu vilipotelea kitongoji gani, na wasimamizi wanaanza kutazamana vibaya.

Jambo dogo ambalo wengi hawalioni: kitabu chembamba hakina mgongo wa kusomeka. Kikipangwa kwenye rafu kama vitabu vya ofisini, mtoto anaona mistari ya karatasi, hajui ndani kuna fisi au kuna mtumbwi, na hachagui. Vitabu vya watoto vinapaswa kutazamana naye kwa jalada. Pamoja na tranka wekeni kamba mbili za mita tano na vibanio vya nguo 40. Kamba inafungwa kutoka mti hadi mti, au msumari hadi msumari, kwenye urefu wa sentimita 90 kutoka chini ili mtoto wa miaka sita afike. Ongezeni mkeka mmoja au miwili. Baraza la nyumba, kivuli cha mwembe, uwanja wa msikiti au wa kanisa, kote panafaa.

Udhaifu wa tranka ni mvua, na pia kwamba halimpi mtu pa kukaa jioni. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayetaka saa mbili za utulivu na taa hatazipata hapa. Lakini kwa mtoto mdogo hakuna njia inayolishinda, kwa sababu linamfuata karibu na kwao. Mtoto wa miaka saba atatembea robo saa kwenda kusoma. Hatatembea saa nzima, na mama yake hatamruhusu.

Chumba au kona ndani ya shule ya msingi

Ndiyo njia inayochaguliwa zaidi, kwa sababu jengo lipo, watoto wapo, walimu wapo. Tangu mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipoelekezwa kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) mwaka 2015, walimu wengi wamekuwa na nia ya kweli ya kupata vitabu vya ziada vya kusoma. Kona ya darasani haihitaji zaidi ya ukuta, kamba, vitabu 25 hadi 30 vinavyobadilishwa kila mwezi, na nusu saa kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni.

Ila tuseme wazi mahali inapokwama. Mwalimu aliyekabidhiwa vitabu anajua kwamba vikipotea ataulizwa yeye. Mtu mwenye akili timamu akiwa katika hali hiyo huvifungia. Vitabu vinabaki visafi kabisa, vinapangwa vizuri siku mgeni anapokuja, kisha vinarudi kabatini. Msimlaumu mwalimu; ondoeni deni. Kamati ya shule ikae, iandike kwenye muhtasari wake sentensi kama hii: «Vitabu vya chumba cha kusomea vinavyochakaa au kupotea kwa matumizi ya kawaida havitadaiwa kwa mwalimu wala kwa mzazi, vitahesabiwa kila Juni na Desemba na kufutwa kwenye daftari.» Mwenyekiti wa kamati na mwalimu mkuu wasaini, nakala ibandikwe ndani ya mlango wa kabati, na afisa elimu kata apewe yake. Katika bajeti jiandaeni kupoteza kitabu kimoja kati ya kumi kila mwaka. Ikiwa havipotei kabisa, huenda havikopeshwi kabisa.

Kikwazo cha pili ni mlango. Chumba ambacho kinaingiwa kupitia ofisi ya walimu hakitaingiwa na mtu asiye mwanafunzi. Baba aliyeacha shule darasa la nne, binti aliyekatisha masomo kwa sababu ya ujauzito, kijana mchungaji ambaye hakuwahi kuandikishwa: hawa wote wanaona haya kupita mbele ya madarasa. Ikiwa shule ina chumba cha mwisho kwenye safu, pasueni mlango unaotazama nje, upande wa njia. Fundi anaimaliza kwa siku mbili tatu, na hakuna rafu wala rangi itakayovuta watu wengi kama mlango huo.

Cha tatu ni kalenda. Likizo ndefu za katikati na mwisho wa mwaka ndizo siku ambazo watoto wana muda, na ndizo siku ambazo walimu wamesafiri. Ufunguo wa pili ukae nje ya shule, kwa mtu aliyetajwa kwa jina kwenye makubaliano kati ya kamati ya shule na serikali ya kijiji. Bila huo, shule inafaa kwa wanafunzi peke yao, nayo si haba, lakini msiiite ya jamii.

Jengo la kijiji

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Jengo linapigwa picha, linazinduliwa, linaandikwa jina la mfadhili. Mwaka wa pili popo wameingia darini na msimamizi amekwenda kulima. Si kwamba jengo ni baya. Kwa watu wazima na kwa wanafunzi wa sekondari za kata lina faida ambayo njia nyingine haina: meza, kimya na taa usiku. Kidato cha nne anayesoma nyumbani kwenye kibatari, huku wadogo zake wanalala chumba hicho hicho, anahitaji jengo. Lakini kama hamjui nani atamlipa msimamizi posho kwa miaka mitatu mfululizo, na fedha hiyo inatoka wapi, msianze msingi.

Tungeshauri kwanza mtafute chumba kilichopo. Ofisi ya kijiji yenye chumba kisichotumika, zahanati ya zamani baada ya mpya kujengwa, sehemu ya ghala la chama cha msingi cha ushirika msimu usio wa mavuno. Mkijenga, kadirieni mita mbili za mraba kwa kila msomaji aliyekaa, pamoja na rafu na njia. Chumba cha mita 6 kwa 8 kinabeba watu 20 hadi 24. Madirisha yawe pande za kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisipige vitabu, na paa litokeze angalau sentimita 60 nje ya ukuta.

Taa si gharama ya kutisha. Balbu nne za LED za wati 5, zikiwaka kwa muda wa saa nne, hutumia wati-saa 80. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 ina wati-saa 240. Ikiwa ni ya asidi msiitumie zaidi ya nusu, mna 120. Paneli ya wati 50, kwa jua kali linalodumu saa nne na nusu kwa siku na upotevu wa kawaida wa asilimia 30, inarudisha takriban wati-saa 157 kwa siku. Inatosha, na siku moja ya mawingu haiwaachi gizani. Kinachoharibu mfumo huu ni simu. Siku watu wakijua pana umeme, kila mtu ataleta simu ichajiwe, betri itashuka chini ya nusu kila usiku na haitafika mwaka. Ama mkatae tangu siku ya kwanza, ama muweke paneli na betri nyingine za biashara hiyo, na mapato yawe ndiyo posho ya msimamizi. Hilo la pili tunalipenda, kwa sharti kwamba waya wa simu na waya wa taa havikutani popote.

Kisha mchwa. Rafu zisiguse ukuta, acheni sentimita 7 hadi 10 ili njia ya udongo ionekane mapema. Kila mguu wa rafu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu ya injini, na kopo lisimwagikie njiani. Rafu ya chini iwe sentimita 20 kutoka sakafuni. Anayefagia Jumamosi aangalie nyuma ya rafu kwa tochi. Mchwa hawahitaji muda mrefu kumaliza rafu nzima ya karatasi. Majani makavu ya mwarobaini kwenye vifuko vya kitambaa husaidia kufukuza wadudu wadogo yakibadilishwa kila mwezi, lakini hayazuii mchwa wala hayachukui nafasi ya ufagio.

Umiliki uandikwe kabla ya tofali la kwanza. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo ndipo kiwanja au chumba kinapokabidhiwa kwa kazi ya kusomea, kwa muhtasari wenye mipaka na majina ya kamati. Bila muhtasari, mtendaji mpya akifika anaweza kukigeuza stoo ya mbolea, na hamtakuwa na la kumwonyesha.

Ngamia, pikipiki na punda

Mfano unaojulikana zaidi Afrika Mashariki uko Garissa, kaskazini-mashariki mwa Kenya. Mwaka 1996 shirika la taifa la maktaba, KNLS, lilianza huko na ngamia watatu. Ngamia mmoja hubeba masanduku mawili, vitabu takriban 400 kwa jumla, mwingine hema na mikeka. Wazo ni jepesi: jamii za wafugaji hazikai mahali pamoja, barabara za mchanga zinaua magari, na ngamia anakula njiani.

Kwa Tanzania pikipiki ndiyo jibu la kawaida zaidi, ikiwa na masanduku mawili ya pembeni yenye kilo 12 hadi 15 kila moja. Kilo zaidi ya hapo kwenye njia ya mchanga zinamwangusha dereva. Punda anafaa kwenye milima, lakini mwenye punda awe mtu wa kijijini, si wa mradi.

Kila kitu hapa kinategemea ratiba. Msomaji ametembea kilomita nne hadi kisimani kwa sababu aliambiwa Jumatano. Pikipiki haikuja, mafuta yaliisha. Wiki ya pili anajaribu tena. Haikuja. Wiki ya tatu hayupo, na mtaendelea kusema watu wa huko hawapendi kusoma. Kwa hiyo fedha ya mafuta na matairi ya mwaka mzima iwekwe pembeni kabla ya safari ya kwanza, na vituo viwe vichache kuliko mnavyotamani. Vituo vinne visivyokosewa ni bora kuliko kumi na viwili vya kubahatisha.

Kwa wafugaji, fungeni ratiba kwenye siku ya mnada badala ya siku za wiki peke yake. Mnada unawakutanisha wote, na aliyekopa kabla ya kuhama malisho anajua atarudisha kwenye mnada gani. Andikeni kwenye daftari «mnada wa» fulani badala ya tarehe ya kurudisha. Vitabu vitakaa nje mwezi au miwili. Ni sawa, mradi pawe na vya kutosha kwenye boksi.

Udhaifu mkubwa ni kwamba muda wa kukaa pamoja ni mfupi. Mtoto ambaye hajajua kuunganisha silabi hapati msaada kwa saa moja kila wiki mbili. Njia hii huwafikishia vitabu wale wanaosoma tayari; asiyejua kusoma anahitaji mtu wa kukaa naye.

Vishikwambi na seva isiyohitaji intaneti

Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, yenye kadi ya memori na programu ya Kiwix, inabeba Wikipedia nzima ya Kiswahili, vitabu vya hadithi na video za masomo, na kuvisambaza kwa Wi-Fi ndani ya chumba bila bando. Inakula wati 4 hadi 6. Vishikwambi kumi vya betri ya mAh 5,000 vinataka kama wati-saa 185 kuchajiwa vyote kutoka sifuri, na kwa upotevu mhesabu 240. Pamoja na seva inayowaka kwa muda wa saa nane mnafika karibu wati-saa 290 kwa siku. Paneli ya wati 100 inatoa takriban 315 siku ya jua, hivyo hakuna akiba ya siku ya mawingu. Chukueni ya 150.

Kinachokufa kwanza ni tundu la chaja. Watoto wanachomeka kwa nguvu, vumbi linajaa, na fundi wa kubadilisha tundu yuko wilayani. Nyaya za sumaku hupunguza tatizo. Betri zenyewe huanza kuchoka mwaka wa pili au wa tatu. Mtoto hawezi kwenda na kishikwambi nyumbani, na hili kwetu ndilo kasoro kubwa kuliko zote: kitabu cha karatasi kinalala nyumbani, bibi anasomewa, mdogo anafunua picha. Kishikwambi kinafungiwa saa kumi na moja.

Hata hivyo seva ina kazi moja inayotufanya tuipendekeze: kuchapisha. Hadithi za African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, zipo kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, kwa leseni huria inayoruhusu kuchapisha, kutafsiri na kurekebisha mradi umtaje mwandishi na mchoraji. Kitabu cha kurasa 16 za nusu-A4 kinakula karatasi nne za A4 zilizochapwa pande mbili, pamoja na moja ya manila kwa jalada. Rimu moja ya karatasi 500 inatoa vitabu 125. Kazi hii inafanyika stationery ya makao makuu ya wilaya kwa siku moja. Kitabu cha kawaida cha dukani hakiruhusiwi kutolewa fotokopi namna hii. Heshimuni hilo, waandishi wetu nao wanakula.

Pini za stepla zinashika kutu upesi, hasa Pwani na visiwani, na kurasa za katikati zinaanguka. Shoneni kwa uzi wa nguo uliopakwa nta au mshumaa, matundu matatu kwenye mkunjo: ingia tundu la kati, toka la juu, ingia la chini, rudi la kati, funga. Dakika mbili kwa kitabu. Kurasa zilizochanika zisibandikwe kwa selotepu, inageuka njano na kula karatasi; tumieni utepe wa karatasi nyembamba na gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa na maji kidogo.

Lugha na maboksi ya msaada

Hili linahusu njia zote. Katika vitongoji vya Wamasai, Wahadzabe, Wabarabaig au Wasukuma wa ndani ndani, mtoto anaanza shule Kiswahili kikiwa lugha yake ya pili. Kiingereza kinakuwa ya tatu. Ukimpa boksi lenye vitabu vya Kiingereza vya watoto wa Ulaya, umempa picha za theluji. Kwa darasa la kwanza hadi la nne, robo tatu ya vitabu iwe Kiswahili, iliyobaki iwe vitabu vya lugha mbili na, mkiweza, vijitabu mlivyochapisha wenyewe vyenye maneno ya lugha ya nyumbani. Kwa Kiswahili pazeni macho kwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, unaofanya kazi hii tangu 1991.

Mfadhili akitaka kuleta kontena, mpelekeeni orodha: ngazi, lugha, idadi. Mkipokea kila kitu kwa adabu, miaka mitano ijayo rafu nne zitakuwa za vitabu vya sheria za kodi za nchi nyingine. Kukataa kwa heshima si utovu wa shukrani.

Msimamizi

Wawe wawili kila nafasi, kwa sababu mmoja ataugua, atajifungua au ataitwa shambani. Mhitimu wa kidato cha nne aliyerudi kijijini anafaa, lakini anaondoka upesi. Mama mwenye kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopa, anakaa. Mkiweza, mchanganye. Kujitolea bure kunadumu msimu mmoja wa kilimo. Posho ndogo inayolipwa tarehe ile ile kila mwezi inamshikilia mtu kuliko kubwa inayochelewa.

Kila kikao cha saa mbili kianze kwa msimamizi kusoma hadithi moja kwa sauti, robo saa, akionyesha picha na kuuliza «unadhani sasa atafanya nini?» Kisha watoto wanachagua. Nusu saa ya mwisho ni ya kukopesha. Daftari kubwa la kaunta lina safu tano tu: tarehe, jina na kitongoji, namba ya kitabu, tarehe ya kurudisha, hali kilivyorudi. Safu ya sita haijazwi na mtu.

Mnavyoweza kuchagua

Kama kaya zimetawanyika na shule iko mbali na vitongoji, anzeni na matranka mawili, yafike manne mwaka wa pili. Kama shule iko katikati na mwalimu mkuu anakubali mlango wa nje na ufunguo wa pili, anzeni hapo, kisha mwongeze tranka moja kwa kitongoji cha mbali zaidi. Ikiwa mwalimu mkuu hakubali mambo hayo mawili, rudini kwenye tranka bila kugombana naye. Jengo au chumba cha kijiji kifuate pale ambapo mna wanafunzi wa sekondari wengi wanaokosa pa kusomea jioni na chanzo cha posho mnachoweza kukitaja kwa jina. Pikipiki au ngamia ni kwa jamii zinazohama, na kwa mratibu mwenye bajeti ya mafuta ya mwaka. Vishikwambi visitangulie chochote. Seva moja makao makuu ya kata kwa ajili ya walimu na kuchapisha inatosha kwa kuanzia.

Kila mwisho wa mwezi msimamizi ahesabu mikopo kwenye daftari na kuandika jumla kwa kalamu nyekundu chini ya ukurasa. Ikishuka miezi miwili mfululizo, angalieni kwanza saa za kufungua, kwa sababu msimu wa palizi watoto wako shambani mchana na kikao kinapaswa kuhamia jioni. Saa zikiwa sawa, badilisheni vitabu. Na baada ya hapo, ikiwa mikopo bado iko chini ya kumi kwa mwezi, hamisheni tranka kitongoji kingine Jumamosi inayofuata, na mweleze kwenye mkutano wa kijiji limehamia wapi na litarudi lini.